Barua ya wazi kwa vijana mnaoandika tamthilia

Wanangu, marahaba, hata kama hamjaniamkia bado.

Natazama kazi zenu karibu kila jioni, na kuna jambo linanikera. Kila sehemu inaishia kwa bastola kichwani, au gari ukingoni mwa korongo. Wiki inayofuata bastola haina risasi na gari limekwama kwenye mti. Mtazamaji anasonya, na haki anayo. Acheni niwasimulie habari za mama mmoja aliyewatangulia kwa zaidi ya miaka 100.

Grace Cunard alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Columbus, Ohio. Mwaka 1914, akiwa bado msichana wa miaka ishirini na kitu, aliandika Lucille Love, filamu ya kwanza ya mfululizo ya kampuni ya Universal. Zilikuwa sehemu 15, na mhusika mkuu akawa yeye mwenyewe. Aliyeongoza na kuigiza naye ni Francis Ford, kaka yake John Ford yule aliyekuja kuwa mwongozaji mashuhuri. Sauti hakuna. Watu walikata tiketi, wakatazama mikanda miwili mifupi, wakaambiwa itaendelea wiki ijayo.

Lakini darasa lenyewe liko kwenye The Broken Coin, mfululizo wake wa 1915. Mwandishi wa habari, Kitty Gray, anakuta nusu ya sarafu katika duka la vitu vya kale. Maandishi yamekatika, ila yanadokeza siri ya Gretzhoffen, ufalme wa kubuni. Anafunga safari kuitafuta nusu ya pili. Mhariri wake kwenye filamu aliigizwa na Carl Laemmle, bosi wa Universal mwenyewe. (Bosi akitaka kuonekana, mpeni nafasi, lakini fupi.) Sehemu 22 zilitoka humo! Hatari hazikukosekana, ila mtazamaji alijua watu wanagombea nini.

Kwa hiyo kabla hujaandika sehemu ya kwanza, niambie nusu ya sarafu yako ni ipi. Usiniambie "mapenzi" wala "kisasi". Nataka kitu cha kushikika: hati ya shamba, simu ya marehemu, ufunguo wa chumba ambacho mama mkwe hataki kifunguliwe. Mmoja akitake hadi akose usingizi, na mwingine awe amekificha. Kila sehemu inapokwisha, kiwe kimesogea, kwa mtu au kwa mahali. Kama hakijasogea, hiyo bastola irudisheni stoo.

Na jingine, maana bidii pekee haimlindi mwandishi. Cunard aliandika, akaigiza, akashiriki kuongoza. Mfululizo wake mwingine, The Purple Mask, sehemu 16, ulimalizika 1917. Miaka ya 1930 alikuwa akipewa vijisehemu vya kupita tu kwenye filamu za wengine, na alifariki 1967. The Broken Coin imepotea; Universal yenyewe iliteketeza filamu zake nyingi za kimya mwaka 1948.

Basi mtayarishaji akikuletea mkataba, usisaini siku hiyohiyo. Uliza jina lako litatokea wapi kwenye skrini, na muda gani. Uliza sehemu zikirushwa tena unalipwaje. Mswada wako ubaki nao nakala mbili: moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye karatasi, nyumbani kwa mtu asiyefanya kazi ya filamu.

Mzee wenu, mhariri mstaafu wa hadithi za magazetini