Mwanzo na mwisho tumefunga, kati tumeacha wazi

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, watoto wazima, na masika yametuachia ukungu ukutani tu. Meseji yako ya sauti nimeisikiliza, nikaona bora nikae niandike, maana uliyoniuliza hayajibiki kwa simu huku mtu anakaanga samaki.

Ndiyo, tunakwenda. Malaysia, kisha Singapore, karibu mwezi mzima inshaallah. Hapa Kikwajuni, Unguja, kila mtu anauliza, "Mnamfuata nani huko?" Kwetu mtu husafiri kwenda kuhiji, kutibiwa, harusini Maskati au kuchukua mzigo Dubai. Mke na mume kwenda kutembea tu, tena na mabegi ya mgongoni kama wale vijana wa Kizungu wanaoshuka bandarini Malindi, hilo halijawaingia. Mama mkwe kaniita pembeni kuniuliza kama ndoa ina matatizo.

Umeuliza kwa nini huko. La kwanza ni pasipoti. Mtanzania anayekwenda matembezini hadaiwi viza Malaysia wala Singapore. Kuna fomu ya kuingilia tu, unaijaza kwenye intaneti ndani ya siku tatu kabla ya kufika, kila nchi na yake. Ni bure. Ukiona tovuti inakuomba pesa, ujue umeingia kwa matapeli. Mwenzangu alitaka tuchomeke na Thailand katikati, nikamwambia kila mpaka unaoongeza ni makaratasi, na mie sikuolewa kuhangaikia viza.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa ratiba. Unamjua. Alitengeneza jedwali: siku hii mji huu, saa hii treni ile, hata pa kula chakula cha mchana pameandikwa. Nikamuuliza, tukifika mahali tukapapenda je? Akasema tutarudi mwaka mwingine. Mwaka upi, shoga?

Tulipoelewana ni hapa. Tiketi ya ndege tunakata ya kuingilia Kuala Lumpur na kutokea Singapore, tusirudi njia tuliyopita. Malazi ya siku za mwanzo tunalipia, kwa sababu mtu aliyetoka kwenye ndege hana akili ya kutafuta chumba. Ya Singapore pia, kwa kuwa kule ni ghali na ukichelewa unabanwa na bei. Yaliyobaki hapo kati ni wazi. Mabasi na treni zipo nyingi. Treni ya umeme kutoka Kuala Lumpur inakufikisha Butterworth kwa saa kama nne, ukavuka kwa feri ukaingia George Town, kisiwani Penang. Kiti cha treni tutakata siku chache kabla, maana wikiendi na sikukuu zinajaa.

Penang ndiyo kituo changu. Tumekubaliana kila mmoja awe na chake kisichojadiliwa. Yeye kachagua ile minara miwili ya Petronas ya Kuala Lumpur, yenye mita 452, haya, akatazame. Mie nataka George Town kwa sababu ni mji mkongwe kama wetu, umetiwa katika urithi wa dunia 2008 pamoja na Melaka, mji mwingine wa Malaysia, wetu ulitiwa 2000. Nataka kuona wenzetu wanakaaje na nyumba zao kuukuu. Na Waingereza walipanda karafuu na kungumanga huko, kwa hiyo mtu wa Wete, Pemba, nawe ungekuwa na la kusema. Melaka nayo Wareno waliiteka 1511, miaka ile ile waliyokuwa wakiisumbua pwani yetu.

Sasa la msimu, na hapa nisikilize vizuri. Kaskazi, ambayo kwetu ni jua na bahari shwari, kwao ndiyo inayomwaga mvua pwani ya mashariki. Visiwa vya Perhentian, vilivyo pwani hiyo, karibu vyote hufungwa kuanzia Novemba hadi Februari hivi. Kwa hiyo mtu akikwambia uende Disemba kwa kuwa watoto wamefunga skuli, visiwa vile usivihesabu. Sisi tunakwenda kusi, Julai. Na visiwani tutalipia chumba mapema, hapo jedwali la bwana limeshinda.

Mabegi: kilo saba kila mtu, kwa sababu ndege za bei nafuu za kule, AirAsia hasa, ndizo wanazokuruhusu kuingia nazo ndani bila kulipia. Kanga mbili zinatosha kwa taulo, shuka na sala. Chakula cha halali kimejaa, na hata kwenye stesheni kuna pa kusalia. Ila kibla usikisie! Sisi tumezoea kuelekea kaskazini. Kule ni magharibi, kimepinda kaskazini kidogo. Na wametutangulia saa tano, usije ukanipigia usiku wako ukaniamsha alfajiri.

Kadi ya homa ya manjano tunachukua, khasa tukipitia Addis Ababa. Chanjo inahesabika baada ya siku kumi na haiishi tena maisha yako yote, kwa hiyo kama mlichanjwa zamani itafuteni kadi tu.

Mnaweza kutukuta Penang, mkae nasi mpaka mchoke, halafu kila mtu ashike njia yake. Kama karafuu zitakuwa zimeanza najua shemeji hatoki shambani, basi njoo wewe peke yako, atakuruhusu nikimpigia mie. Mwambie aangalie pasipoti zenu zinakwisha lini. Zikiwa na chini ya miezi sita kuanzia siku ya kufika, aende Uhamiaji wiki hii hii, na unijibu kabla hatujakata tiketi.

Wasalaam,
Shogaako wa Kikwajuni