YAH: Malalamiko kuhusu mkanda wa ishara za mkono mlioniuzia

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ajali ya bodaboda iliniumiza shingo. Tangu hapo mabega hayainuki na vidole havikamati. Kilichobaki ni kifundo cha mkono wa kulia, nakikunja kidogo. Dukani kwenu Kariakoo nilihakikishiwa kwamba hicho kidogo kinatosha: mkanda unafungwa chini ya kiwiko, vihisi vyake vinanasa umeme wa misuli, programu inaugeuza kuwa amri kwenye simu. Nikalipa taslimu.

Kabla ya yote, programu inaagiza uinue mkono usawa wa bega na kukunja ngumi. Usipofanya hivyo haiendelei, na hakuna pa kuiruka hatua hiyo. Anayeweza kuinua mkono hivyo, mkanda huu ni wa nini kwake?

Nilipopiga simu, mhudumu wenu alishauri mpwa wangu auvae yeye, amalize hatua hiyo, kisha anivalishe. Tukafanya hivyo. Mkanda ukazoea misuli ya kijana mzima wa afya! Umeme wa misuli, hata kwa mwenye nguvu zake, ni wa milivolti chache tu. Wangu ni hafifu zaidi, kwa hiyo nikikunja kifundo mkanda unahesabu kwamba sijafanya kitu. Nilikunja mpaka mkono ukatetemeka. Kwa joto letu hili jasho likajaa chini ya mkanda, vihisi vikateleza, simu ikafungua kamera yenyewe. Nilichotaka ni kumpigia mama yangu bila kushikiwa simu.

Boksi limeandikwa kwamba kifaa ni cha watu wenye ulemavu wa mikono. Kabla ya kukiingiza sokoni, mlimpa hata mmoja wetu akijaribu? Kasoro hii ni ya programu na inarekebishika: ijifunze kutokana na mjongeo alio nao mvaaji mwenyewe, hata uwe mdogo kiasi gani.

Naomba ndani ya siku 14 mniletee fundi nyumbani Tandika na programu iliyorekebishwa, au mnirudishie fedha zangu zote. Mkishindwa, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani. Nimeambatanisha nakala ya risiti na video ya mkanda ukigoma.

Nawasilisha.

Mteja wenu
(Ameandika mpwa wangu, maneno ni yangu.)