Moshi wa kuni mbichi

Mafinga, mwezi wa sita

Mwanangu,

Nimekuuliza nani kamwona huyo kijana aliyekuposa akifanya hayo wanayoyasema, ukanijibu kwa methali: pafukapo moshi pana moto. Methali si shahidi. Nani kaona?

Moshi unaujua. Kuni ya mkaratusi iliyokatwa jana, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiichochea, joto linaishia kukausha maji hayo, na ile hewa ya mti ambayo ingewaka mwali inatoka haijaungua. Ndiyo moshi. Jiko linajaa, macho yanatoka machozi, maji ya ugali bado hayajachemka. Moshi ukiwa mwingi, moto wenyewe ni hafifu. Kuni iliyopasuliwa ikakaa juani miezi sita haina makuu hayo.

Waingereza nao wanayo methali hiyo. Katika mkusanyiko wa methali wa John Heywood wa mwaka 1546 imekaa kinyume: hakuna moto usio na moshi kidogo. Huyo ameanza na moto, aliouona. Yetu inaanza na moshi, moto mtu anajazia mwenyewe. (Shangazi zako wakija na maneno yao, najua nani alikuwa anawaitikia kwa methali hiyo hapa barazani. Wewe ulikuwa unasikia.)

Kazi umeipata bila kumpigia mtu magoti, na mimi natembea kifua mbele. Lakini kichwa chenye hesabu kama chako kuvunja uchumba kwa maneno ya saluni! Barua ya posa usiirudishe kabla hujamwuliza yeye mwenyewe, ana kwa ana, si kwa simu. Na huyo aliyekuletea habari mwulize: uliona, au uliambiwa? Akisema aliambiwa, na nani?

Tena hata ya Heywood ina kasoro. Mkaa ukishakolea hautoi moshi. Huko Makete kwa baridi hii utaona watu wanaingiza jiko chumbani. Usithubutu. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, mtu analala haamki. Ota moto nje, ndani uingie na blanketi.

Blanketi zito nimelifunga pamoja na maharage kilo tano, yanakuja na basi la Jumanne. Baba yako anataka tuuze mahindi sasa, mimi nimekataa. Sufuria kubwa siioni. Mdogo wako anasema ulimwazima mama wa nyumba ya pili. Jioni nitakwenda kumwuliza.

Mama yako