Wanafunzi wa lishe waanzie jikoni kwetu

Mhariri,

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii wilayani Kilolo, Iringa. Mwezi uliopita nilitembea na wanafunzi wawili wa lishe waliokuja mafunzo kwa vitendo. Ni vijana wenye bidii, na makundi ya chakula wameyashika barabara. Lakini nyumba ya kwanza tu wakamwambia mama ampe mtoto samaki na maziwa. Mama yule hana ng'ombe, na alikuwa ametoka kupalilia tangu alfajiri. Akaitikia "haya", akanyamaza.

Nikawaomba tuingie jikoni. Kulikuwa na maharage, majani ya maboga, maparachichi mawili na karanga kidogo kwenye kopo. Mtoto, wa miezi minane, alikuwa ananyweshwa uji wa sembe mwepesi kama maji, na anayemlisha ni dada yake wa miaka saba. Tukapika palepale: uji mzito usiochuruzika kijikoni, wenye karanga zilizosagwa, na parachichi la kuponda pembeni. Hapo mama akaanza kuuliza maswali mwenyewe.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wastani wa nchi ni asilimia 30. Na huku ndiko mahindi yanakotoka!

Naomba vyuo viwape wanafunzi muda mrefu zaidi vijijini, na viwapime pia kwa jinsi wanavyouliza na kusikiliza. Tukirudi, mmoja wao aliniomba nimfundishe salamu ya Kihehe. Tulikwenda njia nzima akirudia "kamwene".

Mhudumu wa afya,
Kilolo, Iringa