Yale si maji, ni utomvu wa tumbaku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, nieleze jinsi droni yangu ya kupimia mashamba ilivyoanguka na walioniuzia wanavyoikatalia waranti. Njia nyingine nimeshazimaliza. Nimepiga simu, nimeandika barua pepe tatu, na mwezi uliopita nilishinda siku mbili kwenye benchi la duka Kariakoo, nikipewa maji ya chupa na kuambiwa meneja yuko njiani. Maji nilikunywa. Meneja sikumwona.

Mimi ni mpima ramani, mkazi wa Cheyo hapa Tabora. Nilisoma Chuo cha Ardhi hapa hapa mjini, enzi ambazo kupima shamba ilikuwa kubeba theodolaiti begani, kufyeka mpaka kwa panga na kurudi nyumbani mbung'o wamekumaliza. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi naifanya kwa ndege nyuki, yaani droni. Jina hilo huwachekesha wazee wa huku, maana Tabora nyuki ni nyuki: ana mzinga, ana asali, na ukimchokoza unatafuta pa kukimbilia. Wangu ana betri.

Niliinunua Juni mwaka jana kwa shilingi 6,300,000, nikapewa risiti ya mashine ya kodi (EFD) na kadi ya waranti ya miezi 12. Nikaisajili Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), vibali viko kwenye faili. Duka sitalitaja, wala kiwanda, nisije nikakuponza wewe Mhariri. Ila nataka neno moja la muuzaji likumbukwe, nitalirudia huko mbele. Nilimwambia wazi kwamba naitaka kwa kupimia mashamba. Akanijibu, "Kaka, hii ndiyo yenyewe, beba."

Januari 14 asubuhi nilikuwa Wilaya ya Uyui, nimeitwa na chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Chama kinataka ekari za kweli. Mkulima akiandikisha ekari tano, mbolea inakuja ya ekari tano kwa mkopo; ikija kuonekana shamba ni tatu na nusu, deni linawaangukia hata waliosema kweli. Ndiyo maana wananilipa. Mvua ilikuwa imekatika tangu juzi yake, anga jeupe, majani ya mhindi wa jirani hayatikisiki.

Kwa asiyeijua kazi hii: safari ya ndege inapangwa kwenye programu kabla haijaruka. Inakwenda na kurudi juu ya shamba kama maksai wa plau, inapiga picha, kila picha ikiipanda iliyotangulia kwa asilimia 75 ili baadaye ziunganishwe kuwa ramani moja. Niliipangia mita 80, chini kabisa ya kikomo cha futi 400 (kama mita 122). Kazi yangu mimi ni kusimama na rimoti na kuangalia kioo. Vidole viko kando ya vijiti, haviendeshi kitu.

Dakika ya kumi na moja mlio ulibadilika. Anayefanya kazi na mashine hizi anaujua mvumo wake kama mama anavyoujua mlio wa mtoto wake, na ule haukuwa wenyewe. Nikainua macho. Ndege ilikuwa imelalia upande wa nyuma kushoto, halafu ikaanza kuzunguka kama pia, ikashuka. Nilisukuma kijiti cha kupanda juu mpaka mwisho, wapi. Ikaingia katikati ya matuta ya tumbaku, majani yakapiga kishindo kama mtu aliyetupa gunia. Mzee mwenye shamba, aliyekuwa amesimama nami kivulini mwa bani la kukaushia, alivua kofia. "Pole mwanangu," akasema. "Nyuki wako kafa."

Nilikuta mkono mmoja umevunjika, kamera imeng'oka, propela tatu zimekatika. Ya nne, ile ya nyuma kushoto, ilikuwa nzima kabisa. Naomba msomaji aishike hapo hapo propela hiyo. Kitu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika kikigonga ardhi hakibaki kizima. Hiyo ilibaki nzima kwa sababu ilipofika chini ilikuwa imeshasimama.

Jioni nikaifungua rekodi ya safari kwenye simu. Ndege hizi hujiandika zenyewe, mara kumi kwa kila sekunde: ilipo, urefu wake, nguvu ya betri, vijiti vya rimoti vimesukumwa kiasi gani, kila mota inazunguka vipi. Betri ilikuwa na asilimia 62. Mpaka mlio unabadilika vijiti vyote viko katikati, maana yake sikuwa nimegusa kitu. Mota ya nyuma kushoto inazunguka kama wenzake, 5,600 kwa dakika, halafu mstari unaofuata ni sifuri. Hapo hapo ubongo wa ndege unaiamuru izunguke kwa nguvu zote, na jibu ni sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mwisho wa ukurasa. Ndege ya mota nne ikipoteza moja haina namna. Mbili huzunguka kulia na mbili kushoto ili zisawazishane. Ikifa moja, mizani imekwisha, ndege inapinduka kuelekea ile iliyokufa huku ikijizungusha. Ndivyo tulivyoiona, mimi na mzee.

Nikafunga kila kitu kwenye boksi lake, pamoja na rekodi ndani ya flashi, nikapeleka dukani kwa basi. Baada ya siku 46 nikajibiwa kwamba wahandisi wamechunguza na hawakubaini hitilafu ya kiwandani. Uharibifu umetokana na mgongano, na mgongano hauhusiki na waranti. Gharama ya matengenezo, kama nitapenda kuendelea, shilingi 3,150,000.

Kuhusu mota, hakuna neno hata moja.

Nilipowabana ndipo sababu zilipoanza kuzaana. Kwanza wakatuma picha. Ni tumbo la ndege, na juu yake wamechora duara jekundu kuzunguka madoa ya kahawia yanayong'aa. Chini wameandika kwamba hizo ni dalili za kimiminika, kwa hiyo ndege iliingia maji. Mhariri, nilicheka peke yangu sebuleni mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Yale si maji. Ni utomvu wa tumbaku. Mtoto yeyote wa Urambo au Sikonge aliyewahi kumsaidia baba yake kuchuma anaujua: unaanza kama unyevu unaonata vidoleni, ukipigwa na hewa unageuka kahawia na baadaye mweusi, na siku hiyo ukitaka kula ugali unasugua mikono kwa mchanga kwanza. Ndege yangu ililala kwenye majani mabichi ya tumbaku yaliyovunjika. Ilitaka itoke na nini, poda? Lakini ripoti iliandikwa na mtu ambaye tumbaku ameiona ikiwa imeshakuwa sigara, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye muhuri, doa lake ni ushahidi na jani langu ni hadithi.

Nikawaandikia kuwaeleza. Wakaacha maji, wakahamia kwenye propela: eti mbili si za asili. Hizo mbili walinitumia wao wenyewe kwa basi, Septemba, kwa shilingi 85,000, na risiti yao ninayo.

Hapa niseme ukweli wote, kwa sababu wao wameshausema na wanautumia. Septemba hiyo nilikubali kupiga picha harusi ya binamu yangu Kiloleni, nikaigonga ndege kwenye mwembe. Tabora miembe imejaa kila kona, na mimi nilikuwa namwangalia bibi harusi. Lilikuwa kosa langu mia kwa mia, nililipa mwenyewe, sikudai waranti wala sikumlilia mtu. Sasa wanasema mota huenda ilidhurika siku ile. Huenda. Baada ya mwembe ndege iliruka saa 41, zote zimo kwenye rekodi, hakuna onyo hata moja. Kama mota ilipata ufa siku ile, waifungue watuonyeshe ufa. Mota ilikuwa mezani kwao siku 46, ina skrubu nne tu.

Mimi sidai kila ndege inayoanguka ilipwe. Mtu akiigonga mwembe, ameigonga mwembe. Ninachokataa ni kuliangalia boksi la vipande na kusema vimevunjwa na ardhi. Hilo nililijua kabla sijalipia nauli ya mzigo. Ukiuziwa kamba mpya ya kisimani, ikakatika ndoo ikiwa katikati, ndoo ikaenda kupasuka chini, muuza kamba hawezi kukutolea kipande cha ndoo akasema hiki kimepasuliwa na mwamba. Tunazungumzia kamba.

Na kuna jambo zito zaidi ya pesa zangu. Ndege hizi zina madaftari mawili. Moja liko kwenye simu ya mwenye ndege, ndilo nililosoma mimi. La pili liko tumboni mwa ndege, lina habari nyingi kuliko langu, na kwa aina niliyonunua linafunguliwa na kiwanda peke yake. Niliomba nakala ya kurasa za sekunde kumi za mwisho. Nikaambiwa ni siri ya kiwanda. Kwa hiyo anayedaiwa ndiye anayetunza ushahidi, ndiye anayeusoma, na ndiye anayetoa hukumu, nami naletewa hukumu tu. Ndege kubwa zinazobeba watu haziamuliwi hivyo. Chini ya Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, uchunguzi wa ajali unaongozwa na nchi ilipotokea. Nchi iliyounda ndege inaalikwa, lakini kiwanda hakiachiwi kukaa chumbani peke yake na kisanduku cha rekodi ya safari. Sitegemei serikali ilete tume Uyui kwa kindege cha kilo chache. Nataka mtu asiyekula mshahara wa kiwanda aione ile sifuri.

Muuzaji naye asijifiche nyuma ya kiwanda. Pesa nilimpa yeye. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akautegemea ujuzi wake, kuna sharti, hata kama halikuandikwa, kwamba bidhaa iifae kazi hiyo. Nilimweleza. Akasema beba. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 nayo ina sehemu nzima ya masharti ya namna hiyo kwenye mikataba ya walaji, na nyingine ya wajibu wa mtengenezaji. Kadi yangu ya waranti haigusi hata moja ya hayo. Ina Kiingereza tupu, kwa herufi za ukubwa wa yai la chawa, na siku ya kununua hakuna aliyenisomea zaidi ya "miezi kumi na mbili, kaka, usiwe na wasi". Malalamiko yangu nimeshayapeleka Tume ya Ushindani (FCC), na nakala nimeipeleka dukani kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Huo ndio muhuri wao pekee ambao hatujabishania.

Naandika gazetini kwa sababu najua si peke yangu. Vijana wa hapa Tabora, Nzega na Kigoma wanakopa kununua mashine hizi kwa kazi za harusi, mashamba na viwanja. Wenzangu, ndege ikianguka msikimbilie kuifunga kwenye boksi. Mwacheni nyuki wenu alipolala, mpige picha kila propela na kila jani lililomzunguka, mwandike majina ya walioona. Toeni rekodi kwenye simu siku hiyo hiyo kabla programu haijajisasisha. Mimi picha za shambani nilipiga mbili tu, kwa hasira, na moja imetoka na kidole changu. Ningekuwa na ya tatu, ya tumbo limezama kwenye majani, habari ya maji isingeanza.

Chama cha msingi hakikuweza kuningoja. Walimaliza mashamba yaliyobaki kwa kamba, kama zamani, na wakulima wawili hawasemeshani mpaka leo kwa sababu kamba ilivutwa kwa mkono mlegevu upande mmoja. Mzee wa Uyui hukutana nami sokoni na kuniuliza kama matanga yameshaanuliwa.

Vipande nimerudishiwa, viko chini ya kitanda changu, mota ya nyuma kushoto ikiwa bado na skrubu zake nne ambazo, kwa jinsi rangi ya kiwandani ilivyozifunika, hakuna aliyezigusa. Sitaifungua mimi, wasije wakasema nimeichokonoa. Kiwanda kilete mhandisi, duka lilete fundi, na FCC ikiona vema ilete mtu wake, tuifungue mezani mchana kweupe, kila mmoja anaona. Wakija kwa treni wanijulishe, nitawapokea stesheni.

Mpima ramani,
Cheyo, Tabora.
(Jina kamili na anwani anavyo Mhariri)