Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2024: Tununue Baridi Kwanza

Ndugu wanachama,

Hesabu mtasomewa na mweka hazina, kwa hiyo sitazigusa. Mikutano yetu hapa Molo imehudhuriwa vizuri, nawashukuru. Muda uliobaki nauweka wote kwenye maua yetu ya pioni.

Najua wengi wenu mmevunjika moyo kwa sababu mizizi ilitoa majani matupu. Udongo wetu hauna kosa. Pioni asili yake ni nchi zenye majira ya baridi: shina hufa, mzizi hulala ardhini, na baridi ya wiki nyingi mfululizo ndiyo inayoliamsha jicho, yaani chipukizi la mzizi, litoe ua. Sisi jalidi hutupiga usiku mmoja mmoja, na kabla ya saa sita mchana jua limeshapasha udongo. Hiyo haitoshi. Mizizi iliyochanua mwaka huu ni ile iliyokaa kwenye friji, ndani ya vumbi la mbao lenye unyevu kidogo, nyuzi 2 hadi 4, kwa takriban miezi miwili. Msiiweke pamoja na matufaha. Gesi ya matufaha huharibu macho ya mizizi.

Nendeni Elburgon mkaione pioni aina ya Coral Charm ya mwenzetu. Ua lilifunguka na rangi ya matumbawe, kisha likapauka siku baada ya siku hadi likawa manjano hafifu, shina bado limesimama wima. Ni chotara ya Paeonia lactiflora na Paeonia peregrina, kazi ya Samuel Wissing wa Marekani, iliyosajiliwa 1964. Sarah Bernhardt, aina iliyotolewa na Lemoine wa Ufaransa mwaka 1906, inapendeza mno, lakini ua lake ni zito na mvua huliinamisha hadi matopeni. Kwa mvua zetu, mimi nachagua chotara.

Mnaotamani spishi ya manjano ya Kaukazi, Paeonia mlokosewitschii, jipeni miaka. Mbegu yake hutaka joto itoe mzizi, kisha baridi ndipo ichipuze.

Wakati wa kupanda, yale macho, yanayofanana na ya viazi vyetu, yafunikwe kwa udongo wa sentimita 2 hadi 5 tu. Ukiyazika chini sana utavuna majani. Baada ya masika makubwa ya mwaka huu ukungu wa kijivu uliozesha vitumba vingi. Kateni mashina yaliyougua myachome, yasiingie kwenye mboji. Sisimizi wanaotambaa juu ya vitumba wanafuata utamu tu, msiwapulizie dawa.

Kamati inapendekeza fedha za kununua aina mpya zikodi nafasi katika chumba cha baridi cha shamba la maua. Mimi naunga mkono kwa moyo wote. Mzizi mpya usio na baridi ni pesa iliyofukiwa. Na atakayeagiza kutoka nje, apate kwanza kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea.

Wenye mizizi ya kuhifadhiwa waandikishe majina kwa katibu leo, kabla hatujapiga kura.