Shukrani za familia ya Daktari, Likoni

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Sisi familia ya marehemu ndugu yetu, aliyeuawa Somalia akiwa kazini na jeshi, twawashukuru nyote mliotushika mkono tangu habari ilipotufikia hadi tulipoanua matanga. Naandika mimi dada yake mkubwa kwa niaba ya mama, ambaye bado hana nguvu za kusema mengi.

Nianze na abiria wa feri. Ndege ilitua uwanja wa Moi, Mombasa, mchana, na kivukoni tulifika saa kumi na nusu, watu wameshaanza kurudi makwao. Hakuna aliyeambiwa kitu. Mliona jeneza lenye bendera, mkajisogeza kando wenyewe, na wengine mkangoja feri ya pili ili gari letu lipite. Tulimzika kabla ya magharibi. Mama huitaja feri ile kila siku.

Wengi matangani walituuliza kwa nini aliacha udaktari akawa wakili. Hospitalini alikuwa akijaza fomu za P3, zile za polisi ambazo daktari huandika majeraha, za wake waliopigwa na watoto walionajisiwa, kisha akiitwa mahakamani kutoa ushahidi. Huko aliziona kesi zikianguka mbele ya macho yake: tarehe hazilingani, vielelezo havikuhifadhiwa, mtoto hana wa kumsemea. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ilikuwepo. Yeye aliona kilichokosekana ni mtu anayejua jeraha na kujua sheria pia. Akarudi darasani, miaka minne ya digrii kisha Shule ya Sheria, huku akishika zamu za usiku wodini. Sisi nyumbani hatukuona kama ameacha kitu.

Baadaye aliingia jeshini, akarudia kutibu. Aliwafundisha pia askari Mikataba ya Geneva ya 1949, kwamba majeruhi na anayemtibu hawapigwi, awe wa upande wowote. Yeye mwenyewe aliuawa na bomu la kutegwa barabarani, ndani ya gari la wagonjwa, akiwa na majeruhi. Hilo latuuma mno, wala hatutalificha.

Twawashukuru askari wenzake waliomleta, wauguzi waliotoka zamu ya usiku wakaja moja kwa moja na sare zao, mawakili waliochanga, vijana waliochimba kaburi kwenye jua kali, majirani waliotoa mikeka na masufuria, na waliopika siku zote tatu. Na wale akina mama watatu waliokuja na watoto wao, wakaketi kando ya mama bila kujitambulisha. Baadaye ndipo tulipojua kuwa aliwasimamia kesi zao. Mama aomba mrudi, awajue kwa majina.

Mjane yuko edani. Akina mama mnaokwenda kumpa pole, msichoke.

Aliyekuwa akimdai marehemu, tafadhali aje nyumbani tumlipe. Aliyekuwa akidaiwa naye, tumemsamehe, na mama ameridhia. Hitma ni Jumapili ijayo baada ya alasiri, hapa hapa nyumbani.

Wateja wake, majalada yenu yote yako kwa wakili aliyekuwa akishirikiana naye afisini. Hakuna atakayelipishwa mara ya pili. Kesi za watoto zimeshaanza kushughulikiwa.